Nywila ya PPPoE imepotea: umpigie mtoa huduma, ufungue faili la bekapu, au uiulize ruta yenyewe?

Umenunua ruta mpya, yenye mawimbi ya kufika hadi chumba cha nyuma. Unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, na ukurasa wa mipangilio unakuuliza mambo mawili: jina la mtumiaji na nywila. Hujawahi kuyaona. Aliyeyaandika ni fundi siku ya kufunga huduma, na namba yake haipatikani tena.

Kabla ya jambo lolote, mkono usiguse kitufe cha riseti kwenye ruta ya zamani. Ruta hiyo inalijua jina na inaijua nywila, na kila inapowashwa inavitumia. Mara nyingi ndiyo nakala pekee iliyopo ndani ya nyumba. Ukibonyeza riseti kwa sekunde kumi, umeifuta. Njia zote ninazozilinganisha hapa, isipokuwa moja, zinategemea ruta hiyo ibaki kama ilivyo.

Hakikisha kwanza kuna kitu cha kutafuta

Nyumbani huwa kuna nywila tatu, na watu huzichanganya. Kuna ya Wi-Fi, ambayo wageni huiomba. Kuna ya kuingilia ukurasa wa ruta, ule unaofunguka ukiandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari (ruta nyingi za Huawei za faiba hutumia 192.168.100.1). Ya tatu ni ya akaunti yako kwa mtoa huduma, ambayo ruta huituma kwa utaratibu uitwao PPPoE. Utaratibu huo uliandikwa rasmi mwaka 1999 na bado unatumika kwenye laini nyingi za simu ya mezani na za faiba. Makala hii inahusu hii ya tatu.

Ya Wi-Fi haina shida. Kwenye Windows iliyowahi kuunganishwa, fungua dirisha la amri kisha andika `netsh wlan show profile name="JinaLaWifi" key=clear`, nywila itaonekana kwenye mstari wa Key Content. Simu ya Android kuanzia toleo la 10 inaweza kuitoa kwa msimbo wa QR, na iPhone kuanzia iOS 16 inaionyesha kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Basi.

Tukirudi kwenye ile ya akaunti: si kila nyumba inayo. Kama ruta yako inatumia laini ya simu, yaani 4G au 5G, anayejitambulisha kwa mtandao ni laini yenyewe, na unachohitaji kwenye ruta mpya ni APN tu (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu). Kama unatumia faiba au waya, ingia kwenye ukurasa wa ruta ya zamani utazame sehemu iliyoandikwa WAN au Internet. Ukikuta Dynamic IP au DHCP, hakuna jina wala nywila ya kutafuta, na shida ya ruta mpya iko kwingine. Ukikuta PPPoE, endelea kusoma.

Jambo jingine linalopoteza watu muda mwingi: kama kile kikebe cha faiba, chenye uzi mwembamba unaoingia moja kwa moja, ndicho hichohicho ruta yako, na unataka kukiondoa kabisa, nywila peke yake haitatosha. Mitambo ya faiba ya aina ya GPON humtambua mteja kwa namba ya kifaa, kwa hiyo kikebe kipya lazima mtoa huduma akisajili. Hapo simu utapiga tu, utake usitake. Nywila ya PPPoE inakufaa pale ambapo kikebe kinabaki na wewe unaongeza ruta yako nyuma yake, au unapobadilisha ruta iliyounganishwa kwa waya wa kawaida.

Kwa mwenye haraka

| Njia | Unachohitaji | Inaposhindwa |
|---|---|---|
| Simu kwa mtoa huduma | Akaunti iwe kwa jina lako | Usiku, sikukuu, mkataba wa mtu mwingine |
| Kufichua vitone kwenye kivinjari | Kuingia kwenye ukurasa wa ruta | Ruta za kisasa zisizotuma nywila kwenye ukurasa |
| Faili la bekapu | Kuingia kwenye ukurasa wa ruta, na kompyuta | Faili lililofungwa kwa ufunguo usiojulikana |
| Kuiuliza ruta kwa seva ya PPPoE | Kompyuta yenye tundu la waya, Linux | Ruta yenye faiba ndani, au isiyokubali PAP (kutuma nywila kama ilivyo) |
| Mstari wa amri | Ruta yenye programu huria ya OpenWrt, au ruta ya MikroTik | Ruta nyingi za watoa huduma |

Simu kwa mtoa huduma

Kama akaunti ni yako na ni saa za kazi, anzia hapa. Watu wanaopenda kuchokonoa vifaa huidharau njia hii, na sioni sababu. Andaa namba ya akaunti, namba ya simu uliyojisajilia na kitambulisho. Uliza maswali matatu kwa mkupuo: jina la PPPoE ni lipi, nywila ni ipi, na kuna namba ya VLAN (alama ambayo baadhi ya watoa huduma huitaka kwenye data inayotoka kwenye ruta) inayotakiwa? Swali la tatu wengi hulisahau, kisha wanapewa nywila sahihi na ruta mpya inaendelea kukataa.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya njia hii na nyingine zote. Mara nyingi mhudumu haioni nywila ya zamani, anakuwekea mpya. Maana yake ruta ya zamani, ambayo bado ina ile ya kwanza, itakatika mara itakapojaribu kuunganishwa tena. Ukipiga simu asubuhi ukiwa kazini, nyumbani watabaki bila intaneti mpaka urudi uingize nywila mpya. Kwa hiyo piga ukiwa umekaa mbele ya ruta.

Ikiwa mkataba ni wa mwenye nyumba, mwombe yeye apige. Hili si suala la adabu peke yake. Sheria ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na ile ya Kenya ya 2018 inayohusu matumizi mabaya ya kompyuta, zote zinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Njia zinazofuata ni za ruta yako na akaunti yako, au za mtu aliyekuruhusu waziwazi.

Kufichua vitone

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayodanganya zaidi. Unaingia kwenye ukurasa wa WAN, unaona jina la mtumiaji limeandikwa wazi na nywila imefichwa kwa vitone. Kwenye kompyuta unabofya kitufe cha kulia juu ya vitone, unachagua kukagua, na kwenye msimbo unaofunguka unabadilisha `type="password"` kuwa `type="text"`. Kwenye ruta za zamani, nywila inajitokeza palepale.

Sasa tahadhari. Kivinjari chako kinapenda kujaza nywila kilizohifadhi popote kinapoona kisanduku cha nywila. Unaweza kufichua vitone, ukafurahi, kumbe ulichokiona ni nywila ya kuingilia ruta ambayo kivinjari kimeibandika pale chenyewe. Fungua ukurasa kwa dirisha la faragha, uingie upya, ndipo ufichue. Na ukikuta nyota tupu, au kisanduku kitupu, au herufi zilezile kwa kila ruta ya aina hiyo, ujue ruta haikutuma nywila kabisa. Hakuna cha kufichua hapo, usipoteze jioni yako.

Hata njia ikishindwa, jina la mtumiaji umelipata. Linakili lote, pamoja na alama ya @ na kinachofuata kama kipo. Watu huacha sehemu hiyo wakidhani ni anwani ya barua pepe isiyohusika.

Faili la bekapu

Karibu kila ruta ina sehemu ya kuhifadhi mipangilio, mara nyingi chini ya System Tools, Maintenance au Management. Ukibofya, unapakua faili dogo, `config.bin` au jina linalofanana nalo. Nywila imo humo. Swali ni kama inasomeka.

Tofauti na vitone, hapa ruta haina budi kutoa nywila halisi, kwa kuwa faili hilo ndilo litakalotumika kuirudishia mipangilio yote siku ikiharibika. Ndiyo maana naiweka njia hii juu ya ile ya vitone, ingawa inataka kazi zaidi.

Kwenye ruta fulani faili ni maandishi ya kawaida. Unalifungua kwa Notepad, unatafuta neno `ppp` au jina la mtumiaji uliloliona, na nywila iko jirani. Wakati mwingine nywila hiyo inaishia na alama ya `=` na inaonekana kama herufi zisizo na maana. Huenda ni Base64, ambayo haina siri yoyote ndani yake. Ni namna tu ya kuandika, na kompyuta inaigeuza mara moja.

Kwenye ruta nyingine faili limefungwa, lakini kwa ufunguo mmoja unaojulikana dunia nzima. TP-Link za zamani ni mfano mashuhuri: faili zao zilifungwa kwa DES, mbinu ya zamani ya kufunga data, kwa ufunguo uleule kwenye mamilioni ya ruta. Kwa hizi kuna programu ya bure ya Windows iitwayo RouterPassView, ya Nir Sofer wa NirSoft. Unaifungua, unaiburutia faili, nayo inakupa orodha: jina la PPPoE, nywila, mara nyingi hata ya Wi-Fi na ya kuingilia. Kingavirusi chako kitapiga kelele, kwa sababu programu yoyote inayotoa nywila inafanana na kazi ya wezi. Ipakue kutoka tovuti ya NirSoft yenyewe, si kutoka kwenye zile tovuti zinazokusanya programu za kila mtu.

Kundi la tatu ni ruta mpya, zikiwemo nyingi zinazotolewa na watoa huduma wa faiba. Faili lake limefungwa sawasawa, na ufunguo hutofautiana kwa kila kifaa au kila toleo la programu. Utakutana na tovuti zinazosema: pakia faili lako hapa tulifungue. Nakusihi usifanye hivyo. Faili hilo lina nywila ya akaunti yako, ya Wi-Fi yako, ya kuingilia ruta, pengine na majina ya vifaa vyote vya nyumbani. Kumpa mtu usiyemjua ni kumkabidhi funguo za nyumba pamoja na ramani ya vyumba. Hata kundi la WhatsApp la mafundi si mahali pake.

Iwe faili limefunguka au halikufunguka, lihifadhi. Kama utalazimika kubonyeza riseti siku moja, faili hilohilo litairudishia ruta ya zamani kila kitu, hata kama wewe hujawahi kuisoma nywila.

Kuiuliza ruta yenyewe

Vitone na bekapu, zote mbili zinadai uweze kuingia kwenye ukurasa wa ruta. Na kama hata hiyo nywila ya kuingilia fundi aliibadilisha, ukajaribu iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini ikakataa? Wengi hapo hukata tamaa na kubonyeza riseti. Kuna njia ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote kwa hali hiyo, na inastahili kuelezwa kwa urefu.

Ruta inapowashwa, inatuma mwito kwenye tundu lake la WAN, lile linaloingia waya wa mtoa huduma: kuna seva ya PPPoE hapa? Seva ya mtoa huduma inajibu, wanakubaliana namna ya kujitambulisha, kisha ruta inataja jina na nywila. Ruta haina uwezo wa kujua kama aliyejibu ni mtoa huduma kweli. Basi unachomoa waya wa mtoa huduma, unauchomeka wa kompyuta yako kwenye tundu hilo la WAN, na kompyuta inajibu mwito.

Siri ya kufanikiwa iko kwenye namna ya kujitambulisha. Kuna PAP, ambayo nywila inatumwa kama ilivyo, na kuna CHAP, ambayo haitumi nywila bali matokeo ya hesabu iliyofanywa kwa nywila hiyo. Kompyuta yako iidai PAP. Ruta nyingi za nyumbani zimewekwa zichague zenyewe, kwa hiyo zitakubali. Ikiwa ruta imefungwa kwa CHAP tu, itakataa, na njia hii imekwisha.

Unahitaji kompyuta yenye tundu la waya na Linux. Ubuntu inayowashwa kutoka kwenye flashi inatosha. Pakua vitu kabla hujachomoa waya, maana baada ya hapo huna intaneti:

`sudo apt install pppoe ppp wireshark`

Kwenye faili `/etc/ppp/pppoe-server-options` weka mistari hii:

```
require-pap
show-password
debug
logfile /var/log/ruta.log
```

Kisha ongeza mstari mmoja kwenye `/etc/ppp/pap-secrets`, la sivyo programu itagoma kwa madai kwamba haina nywila ya kulinganishia:

`* * majaribio *`

Tazama jina la tundu lako kwa `ip link`. Linaweza kuwa `eth0` au kitu kama `enp3s0`. Liwashe, uendeshe seva:

```
sudo ip link set eth0 up
sudo pppoe-server -F -I eth0 -O /etc/ppp/pppoe-server-options
```

Sasa izime ruta na kuiwasha. Ngoja dakika moja au mbili, kisha soma `/var/log/ruta.log`. Unatafuta mstari wenye `PAP AuthReq`, na mbele yake `user=` na `password=`. Seva yako itaikataa ruta kwa kuwa nywila hailingani na neno `majaribio`. Haidhuru, imeshasema ulichotaka kusikia.

Kama kumbukumbu ni tupu, fungua Wireshark, programu inayoonyesha data inayopita kwenye waya, kwenye tundu hilohilo. Ukiona pakiti za PADI (ndio ule mwito wa ruta wa kutafuta seva) zinakuja zikiwa na alama ya 802.1Q na namba, ruta inatumia VLAN. Iandike namba hiyo, kwa kuwa ruta mpya nayo itaweza kuihitaji, kisha unda tundu la VLAN (hapa nimechukulia namba 35):

```
sudo ip link add link eth0 name eth0.35 type vlan id 35
sudo ip link set eth0.35 up
```

Anzisha seva tena ukiielekeza kwenye `eth0.35`. Kama hakuna PADI hata moja, ama umechomeka kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani) badala ya WAN, ama ruta hiyo haitumii PPPoE.

Ukiilinganisha na faili la bekapu: hii haijali ruta ni ya kampuni gani, ni ya mwaka gani, wala faili lake limefungwa vipi. Haihitaji nywila ya kuingilia. Na haibadilishi chochote kwenye ruta. Ukirudisha waya wa mtoa huduma, intaneti inarudi. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba ruta ambayo faiba inaingia ndani yake moja kwa moja haina tundu la WAN la waya, kwa hiyo huna pa kuchomeka. Kwa nyumba za aina hiyo, chaguo ni bekapu au simu.

Mstari wa amri, na kuvunja kasha

Mwenye OpenWrt hana haja ya haya yote. Anaingia kwa SSH, yaani kwa amri kutoka kwenye kompyuta yake, na kusoma `/etc/config/network`. Jina na nywila vimeandikwa wazi. Mwenye MikroTik, kwenye Winbox aondoe alama ya Hide Passwords kwenye menyu ya Settings kisha afungue dirisha la PPPoE Client, au kwenye RouterOS toleo la 7 aandike `/export show-sensitive`.

Wapo wanaofungua kasha la ruta na kuunganisha nyaya kwenye pini za ndani. Inawezekana, lakini kwa nywila ambayo mtoa huduma anaweza kukupa kwa simu, na kwenye kifaa ambacho mara nyingi ni mali yake, siipendekezi.

Nichague ipi?

Akaunti ni yako na ni mchana: simu, lakini pakua faili la bekapu kwanza kama unaweza kuingia kwenye ruta. Ni usiku, unaweza kuingia, ruta ni ya miaka mingi: vitone, kisha RouterPassView. Huwezi kuingia na ruta ina tundu la WAN la waya: nenda moja kwa moja kwenye seva ya PPPoE, usipoteze muda kubahatisha `admin` na `admin`. Huwezi kuingia na faiba imo ndani ya ruta: simu tu, hata kama ni kusubiri Jumatatu.

Ukishaipata nywila, ijaribu kwenye kompyuta kabla ya kuhangaika na ruta mpya. Izime ruta ya zamani uiache hivyo dakika chache, kwa sababu watoa huduma wengi hawaruhusu akaunti moja kuingia mara mbili kwa wakati mmoja, na seva yao huchelewa kugundua kwamba umetoka. Chomeka waya wa mtoa huduma kwenye kompyuta ya Windows, unda muunganisho mpya wa aina ya Broadband (PPPoE), uandike jina na nywila. Ukipata kosa namba 691, seva imekusikia na imeikataa nywila au jina: angalia herufi kubwa na ndogo, sifuri na O, na kile kipande cha baada ya @. Ukipata 651, hakuna aliyejibu kabisa, kwa hiyo nywila iache kwanza, tazama waya na VLAN. Na ikiwa ruta ya zamani inaunganishwa sawasawa ila kifaa kingine chochote kinakataliwa kwa nywila ileile, mtoa huduma ameifunga laini kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa. Iko kwenye kibandiko cha chini ya ruta ya zamani, japo ya upande wa WAN huweza kutofautiana na hiyo kwa tarakimu ya mwisho. Iinakili kwenye ruta mpya sehemu iliyoandikwa MAC Clone.